Samaki wa Plagi

Kazi yangu Kilindini ni kuchomeka plagi.
Kontena la baridi likigusa chini nalikimbilia na waya,
mkunga na mkasi wake,
nasoma kioo kilicho kifuani mwake: kumi na nane chini ya sifuri.
Ndani kalala samaki.
Kafugwa bwawani China, kafa kabla ya Ramadhani,
kavuka bahari bila kupiga pezi,
na sasa ananguruma, yeye na wenziwe maelfu,
anakula umeme
usiku ambao Likoni kwetu giza limekaza.

Asubuhi natoka zamu, macho mchanga mtupu.
Ng'ambo, Mesalimu katandika gunia:
mchunga, mnavu, kunde mafungu mafungu,
tafi wanne juu ya jani la mgomba,
jicho la mmoja bado linanitazama.
"Mia nne. Na hawa barafu hawaijui, mwanangu."
Hatua tatu mbele, friji ya Shekuwe.
Nikamtambua: boksi langu, namba nimeiandika mwenyewe kwa chaki.
"Mia tatu, kilo nzima."

Nikanunua wa mia tatu.
Usinitazame hivyo. Nina vinywa saba.

Jioni Mwanatumu kaja na kazi ya mwalimu:
chora njia ya kila kilichomo sahanini.
Mchele? Karachi.
Mafuta? Msitu uliokatwa mbali, ukatufikia umekuwa maji ya dhahabu.
Kitunguu saumu? China, pamoja na samaki.
Nyanya? Lori, Lunga Lunga, mpakani.
Kalamu ikazunguka dunia mara mbili, karatasi ikatoboka
kabla hajafika kwenye chumvi.

Nikajitetea, maana mimi ni mtu wa meli:
mwanangu, usiipime njia kwa urefu wake tu.
Meli moja hubeba mlima; punje yako ya mchele
moshi wake ni wa kijiti cha kibiriti.
Kuna maharagwe ya bara yanayopanda ndege
kwenda kuliwa kwenye theluji, hayo ndiyo ya kuogopa.
Na tafi wa Mesalimu, je? Nani kauliza wavu?
Ukiwa wa macho madogo umekomba hadi vitoto,
umeng'oa na nyasi za bahari walizokuwa wakizila.
Kisha mkaa wa kuwakaangia, mkoko wa nani?
Ukaribu si utakatifu.

Nikadhani nimesema.
Yeye kakunja uso, kaweka nukta moja pembeni.
"Nini hiyo?"
"Mchunga. Mesalimu anauchuma nyuma ya madrasa,
haunyweshwi ila na mvua. Hauna njia ya kuchora."
"Na unaula?"
"Ni mchungu."
Tukacheka, maana ndilo jina lake.

Kisha umeme ukakatika.
Mtaa mzima friji zikaanza kutoa jasho,
ile ya Shekuwe ikalia maji hadi barabarani,
kilo ya mia tatu ikawa ya mia mbili, ya hamsini, ya paka.
Mesalimu alikwishalala. Gunia lake alilikung'uta tupu
saa nne asubuhi.

Gizani, sauti ya Mwanatumu:
"Baba, wa Mesalimu mia nne, wa China mia tatu.
Na wa China ndiye katoka mbali.
Ile mia iliyopungua, nani kailipa?"

Nikafungua mdomo. Likaingia joto,
joto la mwezi wa saba,
sisi ambao mwezi wa saba tulizoea kujifunika shuka.

Saa tano usiku zamu yangu yaanza. Waya uko begani.
Swali nimeliandika kwa kalamu kiganjani,
mkono huu huu wa kuchomeka,
na jasho limeanza kulifuta.